Tarakilishi Inapozimika Ovyo, Tuanze na Kitenzi

Miongoni mwa maradhi yote yanayoisibu tarakilishi ya nyumbani, hakuna yanayoudhi kuliko yale yasiyokuwa na ratiba. Mashine iliyokufa kabisa ina nafuu yake, maana mwenyewe hujua kwamba imekufa, akaanza kutafuta dawa. Lakini mashine inayofanya kazi Jumatatu kutwa nzima, ikazimika mara tatu Jumanne na kujiwasha yenyewe, kisha ikatulia hadi Ijumaa kana kwamba hapakuwa na neno, hiyo humpotezea mtu kazi yake, fedha zake na hatimaye subira yake. Mwalimu wa Ahero aliyekuwa akiingiza alama za darasa zima hujikuta amerudi kwenye jina la kwanza. Mwanafunzi wa uzamili wa Maseno au Bondo, ambaye sura ya tatu ya tasnifu yake ilikuwa imekaribia kukamilika, hubaki akiitazama skrini nyeusi iliyoumeza mchana wake.

Hapo ndipo safari ya mitaani huanza. Fundi wa kwanza husema ni virusi, akaifuta mashine na kuiwekea programu upya. Wiki moja baadaye inazimika. Fundi wa pili husema ni RAM, inanunuliwa nyingine. Inazimika. Wa tatu huibadilisha pawa saplai, wa nne hushauri mashine iuzwe. Mwenye mashine amekwisha kulipa mara tatu kwa ugonjwa mmoja usiojulikana, na kila malipo yametanguliwa na kubahatisha.

Nia ya makala haya ni kudai jambo moja ambalo huenda likamshangaza msomaji: kwamba kifaa cha kwanza cha kuitibu mashine kama hiyo si bisibisi, bali ni sentensi iliyotungwa vyema. Aidha, mbinu itakayomfikisha mtu kwenye chanzo cha hitilafu ni ile ile ambayo wanafunzi wa isimu hufundishwa katika mwaka wao wa kwanza. Walimu na wanafunzi wanayo tayari. Wanachokosa ni kuihamisha kutoka kwenye daftari la darasani hadi kwenye meza yenye tarakilishi.

Tuanze na kitenzi. Mtu akifika dukani katika Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu akasema, “Kompyuta yangu inazima,” huwa hajamwambia fundi kitu. Hata Kijaluo, lugha ya wengi katika mwambao huu, hutosheka na neno moja: taa ikizimika, mafuta ya karabai yakiisha au stima ikipotea mtaa mzima, husemwa kwamba moto umekufa, *mach otho*. Kwa mazungumzo ya jioni yatosha. Kwa uchunguzi haitoshi. Kiswahili kimetukirimu minyambuliko ya kutenganisha ajali ambazo kwa jicho la haraka hufanana. *Imezimwa*: yupo aliyeizima, au ipo programu iliyoamuru izimwe. *Imezimika*: imetoweka ghafla bila mtendaji kujulikana. *Imejizima*: mashine yenyewe imechukua hatua, aghalabu ili ijinusuru. *Imejiwasha upya*: imekatika na kurejea bila kuguswa. *Imeganda*: picha ingali kwenye skrini, lakini kipanya hakisogei na herufi haziandikiki. Na mwisho, *imeonyesha skrini ya buluu* yenye maandishi kabla ya kupotea.

Tofauti hizi si madoido ya sarufi. Mashine inayozimika kama mshumaa uliopulizwa, bila onyo na bila ujumbe, huelekeza kidole kwenye umeme: soketi, waya au pawa saplai. Ile inayojizima baada ya kazi nzito ya muda mrefu, ikakataa kuwaka mpaka ipumzike, hulalamikia joto. Inayoganda mara kwa mara huifanya RAM, diski au draiva ishukiwe. Draiva ni zile programu ndogo zinazoongoza vipande vya mashine. Inayoonyesha skrini ya buluu, kwa upande wake, imejikuta katika kosa ambalo haikuweza kulivuka, nayo imelitaja. Bila shaka dalili huelekeza tu, hazihukumu. RAM mbovu yaweza kuigandisha mashine leo na kuiwasha upya kesho. Hata hivyo, dalili ya mvua ni mawingu, na asiyeyatofautisha mawingu atatoka na mwavuli siku ya jua.

Kuna kikwazo hapa ambacho wengi hawakijui. Tarakilishi zinazotumia Windows huwa zimepangwa tangu mwanzo zijiwashe upya mara tu baada ya kosa kubwa. Skrini ya buluu hupita haraka mno kiasi kwamba mwenye mashine huapa kuwa hakuona chochote. Basi ni vyema kuuondoa mpango huo. Katika kisanduku cha kutafutia andika sysdm.cpl, ufungue ukurasa wa “Advanced”, uingie sehemu ya “Startup and Recovery”, kisha uondoe alama iliyo kando ya “Automatically restart”. Tangu hapo, kosa likitokea, maandishi yatabaki kwenye skrini hadi uyanakili. Hujaitibu mashine, lakini umeifungua kinywa.

Zaidi ya hayo, Windows huweka kumbukumbu za matukio katika programu iitwayo Event Viewer. Humo mtu aweza kukuta tukio nambari 41 lililoandikwa kwa jina la Kernel-Power, akadhani amekwisha kumkamata mwizi. La hasha! Tukio hilo huandikwa mashine inapoamka, nalo husema tu kwamba haikuzimwa kwa utaratibu uliofaa. Ni kama kumwuliza mtu aliyezirai ni nini kilichomwangusha: atakachoweza kukuambia ni kwamba amejikuta chini. Lakini hata ungamo hilo lina faida. Iwapo namba ya kosa iliyoandikwa ndani yake ni sifuri, ina maana kwamba programu endeshi haikupata hata nafasi ya kusajili kosa. Aghalabu umeme ulikatika au mashine iliganda kabisa. Iwapo namba si sifuri, basi hiyo ndiyo ya kunakili na kuichunguza.

Baada ya kitenzi, daftari. Mtafiti wa lugha aendaye nyanjani, tuseme Mbita au Kendu Bay, haamini kumbukumbu yake. Huandika nani alisema, wapi, lini na katika mazungumzo ya aina gani. Mwenye tarakilishi naye na aandike kila inapozimika: saa ngapi, ilikuwa imewaka kwa muda gani, programu zipi zilikuwa wazi, hali ya hewa ilikuwaje, ni vifaa gani vingine vilivyokuwa vimechomekwa katika ekstensheni ile ile. Akifikisha matukio kumi, aghalabu daftari litaanza kusema. Huenda ikabainika kwamba saba kati ya kumi yametokea baina ya saa nane na saa kumi na moja alasiri, au kwamba yote yametokea wakati friji ilipoanza kunguruma. Jambo lililoonekana kuwa halina ratiba huwa limekuwa nayo siku zote, ila hapakuwa na aliyeisajili.

Sasa tufike kwenye mbinu yenyewe. Mwanafunzi wa fonolojia akitaka kujua kama sauti mbili ni fonimu tofauti, hutafuta jozi mlinganuo finyu, yaani maneno mawili yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa sauti moja: *pata* na *bata*, kwa mfano. Maana ikibadilika, tunajua kwamba ni ile sauti moja iliyoibadilisha, kwa kuwa hapakuwa na tofauti nyingine. Angelinganisha *pata* na *samaki* asingejifunza lolote, kwa sababu tofauti ni nyingi mno. Fundi anayebadilisha RAM, pawa saplai na programu kwa siku moja amelinganisha *pata* na *samaki*. Hata mashine ikipona, hakuna ajuaye ni dawa ipi iliyoiponya, na ikiugua tena tutarudi pale pale. Kanuni basi ni hii: badilisha kitu kimoja tu, kisha ungoje.

Kungoja huku kuna hesabu yake, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Chukua mashine ambayo kwa wastani huzimika mara moja kila siku 3, bila mpangilio. Umebadilisha RAM, nayo imekaa siku 3 nzima bila kuzimika. Je, imepona? Hesabu ya matukio ya kubahatisha yaonyesha kwamba, hata kama hukuitibu kitu, uwezekano wa kupata utulivu wa siku 3 ni kama 37 kwa 100. Utulivu wa siku 6 hupatikana kwa bahati tupu mara 14 hivi kwa 100. Ni ukifika siku 9 ndipo uwezekano huo hushuka hadi kama 5 kwa 100. Kwa hiyo asiyengoja angalau mara tatu ya muda wa kawaida kati ya tukio na tukio hana haki ya kutangaza ushindi. Wahenga walisema kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Nadhani waliijua tarakilishi kabla haijaundwa.

Kwa kanuni hizo mkononi, tuwatazame washukiwa kama walivyo katika mwambao wetu wa Ziwa Victoria.

Mshukiwa wa kwanza ni umeme. Magharibi mwa Kenya kuna mitambo yake, kama ule wa Sondu Miriu wa megawati 60, lakini sehemu kubwa ya umeme wa nchi huzalishwa mbali na hapa, Olkaria na katika mabwawa ya Mto Tana, nao husafiri masafa marefu kabla ya kufika Nyalenda au Manyatta. Tunazikumbuka vyema kukatika kwa stima nchini kote, kama kule kwa tarehe 25 Agosti 2023 na kwa Desemba mwaka uo huo. Hata hivyo, giza kubwa namna hiyo si fumbo kwa mtu yeyote. Fumbo huletwa na upungufu wa kitambo kidogo sana ambao jicho halikuuona. Umeme wetu wa volti 240 hufanya mizunguko 50 kwa sekunde, yaani kila mzunguko huchukua milisekunde 20. Pawa saplai ya kawaida ikiwa inafanya kazi kwa uzito wake wote huweza kuistahimilisha mashine bila umeme kwa milisekunde 16 au 17 hivi, muda ambao haufikii hata mzunguko mmoja. Friji ya jirani ikianza, au banda la kuchomelea vyuma likiwasha mashine yake kwenye laini hiyo hiyo, balbu hupepesa tu. Tarakilishi hujiwasha upya.

Jozi mlinganuo finyu ya kumpima mshukiwa huyu ni rahisi. Azima UPS iliyo na betri nzima, uitumie kwa muda uliokwisha kuhesabiwa bila kubadilisha kitu kingine. Au uhamishe mashine hadi kwa ndugu anayetumia laini tofauti. Tarakilishi ya mapajani ni rahisi zaidi: itumie kwa betri yake. Ikizimika hata huko, laini ya stima haina hatia, na shaka ihamie kwenye pawa saplai yenyewe. Kwa kawaida waya wake wa volti 12 hautakiwi kushuka chini ya 11.4 wala kupanda juu ya 12.6. Huo ni upimaji wa fundi. Mtu asiye fundi asikifungue kisanduku hicho kamwe, maana huhifadhi umeme wa kudhuru hata kikiwa kimechomolewa.

Radi nazo zisisahaulike. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa mahali penye ngurumo nyingi zaidi duniani. Upande wetu wa mashariki mawingu hujikusanya juu ya nyanda za Kano na vilima vya Nandi wakati wa alasiri, hali juu ya ziwa lenyewe ngurumo hutawala usiku kuelekea alfajiri. Daftari likionyesha kwamba mashine huzimika alasiri zenye wingu zito, chomoa waya kutoka ukutani kabla mvua haijafika, kwa kuwa kubonyeza swichi pekee si kinga ya radi.

Mshukiwa wa pili ni joto, na wasaidizi wake ni vumbi na wadudu. Alasiri za Kisumu hukaribia au hupita nyuzi 30, na nyumba ya mabati isiyo na dari huzidi hapo. Mtambo mkuu wa tarakilishi, ukikaribia nyuzi 100 hivi, hupunguza kasi na hatimaye hujizima usije ukaungua. Feni ikizibwa, kiwango hicho hufikiwa upesi. Nasi wakazi wa mwambao tunajua ni nini kinachoziba: wale usubi wa ziwani wanaopanda kutoka majini kama wingu la moshi, wakafuata taa usiku, na asubuhi wakaokotwa kwa mafungu chini ya madirisha. Wakiingia ndani ya mashine na kuchanganyika na vumbi, hufanya blanketi juu ya kipoza joto. Dawa ni brashi laini na subira, mashine ikiwa imechomolewa, na mapanga ya feni yakiwa yameshikiliwa yasizunguke. Kisha tumia programu ya kupima joto, uandike nyuzi za kabla na za baada.

Na tukiwataja wadudu, tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa tarakilishi ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waligundua kwamba hitilafu iliyowasumbua ilitokana na nondo aliyenaswa katika swichi ya mtambo wao. Walimgandisha kwa utepe kwenye daftari la kazi, na lingalipo katika jumba la makumbusho hadi leo. Wengi hudhani kwamba hapo ndipo Kiingereza kilipoanza kuziita hitilafu za mitambo “mdudu”. Sivyo. Thomas Edison alikuwa amelitumia neno hilo kwa maana hiyo katika barua ya mwaka 1878. Lililo muhimu katika kisa hiki si neno, bali ni kwamba mafundi wale walikuwa na daftari, na waliandika saa.

Mshukiwa wa tatu ni RAM, sehemu ambayo mashine huweka mambo inayoyashughulikia kwa wakati huo. Huyu hupimwa kwa programu iitwayo MemTest86, ambayo toleo lake la kwanza liliandikwa na Chris Brady mwaka 1994. Iache ifanye kazi usiku kucha. Kosa moja tu latosha kumtia hatiani, kwani RAM nzima haitakiwi kukosea hata mara moja. Kama kuna vipande viwili, pima kimoja kimoja, tena katika tundu lile lile. La sivyo hutajua kama mbovu ni kipande au tundu. Wakati mwingine kukitoa, kukisafisha miguu yake ya shaba kwa kifutio cha penseli na kukirudisha barabara huwa tiba kamili.

Baada ya hao hufuata programu zenyewe. Iwapo mashine hutulia siku nyingi ikiwashwa kwa hali ya tahadhari, ambayo Windows huiita “Safe Mode”, lakini husumbua ikiwashwa kwa kawaida, mtafute mgeni aliyeingia karibuni: draiva mpya, programu iliyotolewa kwenye diski ya rafiki, au kipande kilichochomekwa wiki ile matatizo yalipoanza. Mashine kuukuu, hasa zilizoundwa kati ya 1999 na 2007, zilikuwa na balaa jingine: kapasita zilizofura na kuvuja kwenye bodi kuu. Ukiona vijipipa vyenye vichwa vilivyoumuka kama maandazi, umemwona mhalifu kwa macho yako.

Najua kuna watakaosema kwamba haya yote ni kazi ya fundi, na kwamba mwalimu na achape somo lake. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kuchomelea kapasita ni kazi ya fundi. Lakini hitilafu isiyo na ratiba haijitokezi mbele ya fundi. Mashine ikifika dukani hufanya kazi kwa adabu kama mtoto mbele ya wageni. Anayeishi nayo ndiye shahidi wa pekee. Shahidi asiyejua kusimulia humlazimisha fundi kubahatisha, na gharama ya kubahatisha hutoka mfukoni mwa shahidi huyo huyo.

Hapa ndipo lawama inapowarudia wanalugha na walimu wa lugha. Kwa miaka mingi tumejadiliana kama mashine hii iitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ukathibitisha kwamba menyu na amri zake zaweza kukaa vizuri katika Kiswahili. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini jina la mashine ni nomino, na hitilafu husimuliwa kwa vitenzi. Mwanafunzi wetu hutahiniwa katika mnyambuliko wa vitenzi, akaorodhesha kauli ya kutendwa, ya kutendeka na ya kujitenda bila kukosea, kisha akaenda kwa fundi na kusema “inazima”. Amefaulu mtihani, lakini somo halijamfaa.

Ninapendekeza basi kwamba mwalimu wa Kiswahili, mara moja katika muhula, badala ya ripoti ya ziara ya mbuga ya wanyama, awape wanafunzi kazi ya kuandika ripoti ya hitilafu: ya tarakilishi ya shule, ya pampu ya maji, ya redio ya nyumbani. Waeleze kilichotokea kwa vitenzi halisi, watenge walichokiona na walichokidhania, wapendekeze jaribio moja la kubadilisha kitu kimoja, na waseme watangoja siku ngapi kabla ya kuamua. Anayeweza kuiandika ripoti hiyo hatauziwa RAM asiyoihitaji.

Kwa yule ambaye mashine yake imeanza kuzimikazimika juma hili, agizo la kwanza lisingoje utambuzi wa chanzo: nakili kazi zako zote kwenye flashi leo, uihifadhi flashi hiyo mbali na mashine, na ukiandika, bonyeza kitufe cha kuhifadhi kila unapomaliza aya. Kisha fungua daftari, uandike tarehe, saa na kitenzi.